Kuongoza wakati dawa hakuna: darasa la kilimo mbele ya mnyauko wa migomba



Kila mara promosyo mpya inapotoka, neno "uongozi" linatembea sana kati yetu. Semina zinapangwa, tunapewa cheti, soda na bitumbula, na transporti ya kurudi nyumbani. Sina ubaya na semina, bitumbula vyake nimevila hata mimi. Lakini kuna kitu hazitoi: shida ya kweli, iliyo ya watu wengine, isiyo na dawa, halafu watu hao wanageuka kukutazama wewe kwa sababu uko na lisansi. Hapo njo mtu anaanza kujua kama anaongoza ao anasimama tu mbele.

Mimi ni agronomu, nafundisha sekondari, sehemu ya kilimo, kwenye milima ya Kivu Kusini. Huu ni mwaka wangu wa nne. Mwaka wa kwanza nilifundisha vile na mimi nilifundishwa: naeleza, naandika ku tablo, wanakopi, tunafanya enterogasyo. Kwa kutayarisha Exetat inafaa, na hata leo sijaiacha. Kilichonisukuma kuongeza kitu juu yake ni mnyauko wa migomba. Kupitia ugonjwa huo nataka kueleza mambo mawili ambayo kwangu yamekuwa kama jambo moja: namna mwalimu anakua katika kuongoza, na namna suluhisho jipya linazaliwa mahali ambapo pesa hakuna.

Kwanza tuujue ugonjwa, kwa wale ambao hawakusoma kilimo. Ni bakteria, na jina lake la kisayansi linaanza na Xanthomonas. Wanasayansi waliuandika mara ya kwanza mwaka 1968, Ethiopia, kwenye ensete, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Uganda uligunduliwa mwaka 2001, na kwetu ulionekana Masisi katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000, kisha ukaendelea kuteremka mpaka huku Kivu Kusini. Watu wengine wanauita sida ya migomba, na jina hilo linaonyesha woga wao. Majani yanakuwa manjano, yananyauka na kuning'inia kama yamepitiwa na moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukiipasua moja, ndani unakuta rangi ya kahawia. Ukikata shina na kungoja dakika chache, usaha wa manjano unatoka. Bakteria inaingia kwa wadudu wanaotembelea lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, inaingia kwa machipukizi ya kupanda yaliyotoka kwenye shamba gonjwa, na zaidi ya yote inaingia kwa panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa halafu likakata mzima, limepanda ugonjwa.

Dawa ya kupuliza hakuna. Dawa ya kumwaga kwenye udongo hakuna. Naliandika hili wazi sababu kila juma kuna mtu ananiuliza.

Sasa muone uzito wake. Kwetu mlimani shamba la migomba ni chakula, lakini ni banki pia. Maharage unayangoja msimu, ng'ombe si kila nyumba iko naye, ila ndizi zinatoka mwaka mzima. Mama anauza mikungu miwili, anatengeneza kasiksi, analipa minervali ya mtoto. Kwa hiyo ugonjwa ulipofika kwenye kilima chetu, niliuona kwanza kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kuuona shambani. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tano, wote wasichana, walianza kukosa Jumatatu na Jumanne, siku ambazo prefe anarudisha nyumbani wenye madeni. Nilipouliza, mmoja alijibu: "Mwalimu, ndizi ya mama inaoza." Hakuongeza neno.

Shauri la zamani, lile lililo kwenye silabusi nyingi, linasema ung'oe tufu yote. Kwa asiyejua, tufu ni mama, watoto na wajukuu, mashina yote yanayotoka kwenye kizizi kimoja. Uchimbe, ukatekate, uzike. Kisayansi ni shauri zuri: ukitoa kila kitu, hakuna bakteria inayobaki hapo juu ya mmea. Lakini hebu mfikirie mama mwenye jembe moja, bila bwana shambani, mwenye tufu ishirini zilizoguswa. Kizizi cha mgomba wa miaka mingi ni kazi ya wanaume wawili wenye nguvu, na anapomaliza kung'oa hana ndizi, hana kasiksi, hana minervali. Mama mmoja aliniambia mbele ya wanafunzi: "Agronomu, unipatie tu dawa. Mimi siwezi ng'oa ndizi yote, batoto batakula nini?" Wengine wanaita jibu kama hilo ukaidi. Mimi naona ni hesabu, na mama alihesabu vizuri.

Watafiti walioshughulika na ugonjwa huu katika ukanda wetu, na majaribio mengine yalifanyika hapahapa Kivu Kusini, waliona kitu kimoja muhimu: bakteria haifiki kila mara kwenye mashina yote ya tufu. Shina moja linaweza kufa, na ndugu yake pembeni akabaki mzima. Kutoka hapo likaja shauri jingine: kata shina lile gonjwa tu, usawa wa udongo, kwa panga lililosafishwa kwa moto ao kwa javeli, mabaki uyaache yakauke pale, urudi kukagua kila juma, na ukiona jingine gonjwa ulikate vilevile. Ongeza juu yake kuondoa ua jekundu kwa mti wenye panda, sio kwa kisu, mara tu safu ya mwisho ya ndizi ikishajitokeza. Haimalizi ugonjwa siku moja. Mara ya kwanza mashina magonjwa yanaendelea kuonekana, kisha yanapungua pole pole, kama mtu hachoki kukagua na kama panga linabaki safi.

Mimi ninavyolisoma, jambo kubwa hapa ni kwamba swali lilibadilika. Mwanzoni swali lilikuwa: tutaiondoaje bakteria yote? Sasa swali ni: mama mwenye panga moja na saa moja kwa juma anaweza kufanya nini ili bakteria ipungue mpaka shamba liishi? Swali la pili ni dogo kuliko la kwanza. Na sababu ni dogo, linaingia mkononi. Watu wengi wanafikiri ubunifu ni wazo kubwa linalomshukia mtu mwenye akili nyingi. Kwa nilivyoona, mara nyingi ubunifu ni kazi ya kukatakata swali mpaka mwenye shida aweze kulishika kwa vitu alivyo navyo tayari.

Hii si ya kilimo tu. Ndugu yetu wa ualimu asiye na labo, yule wa afya kwenye kituo kisicho na umeme, wote wanaijua. Ukianza na "tunakosa nini?" unaandika barua kwa wafadhili na unangoja. Ukianza na "tuko na nini, na kitu gani hakitabadilika hata tukifanya nini?" unaanza kazi Jumatatu. Barua uiandike pia, ila usingoje jibu.

Nirudi darasani. Nilikuwa na wanafunzi 41, mapanga manane ya shule, na saa mbili za mazoezi kwa juma. Sikuwapa shauri la kukata shina moja siku ya kwanza. Niliwapa ukweli tatu: kwamba ni bakteria, kwamba inapita kwenye utomvu, kwamba dawa hakuna. Halafu nikaandika ku tablo swali moja: ugonjwa unatoka vipi kwenye shamba la nyumba fulani mpaka kwenye shamba la jirani, hapa kwetu, si kwenye kitabu? Nikakaa nyuma ya darasa, ku benchi ya wanafunzi.

Kukaa kimya mbele ya vijana 41 ni kazi ngumu kuliko kufundisha saa nne, mtu asikudanganye. Wanatazamana. Wanangoja urudi mbele. Mmoja anasema "wadudu", sababu ameisoma mahali. Mwingine anasema "upepo". Ilipita karibu nusu saa kabla msichana mmoja, yule yule wa ndizi za mama, aseme: "Watu wa kununua."

Hilo sikulisoma kwenye silabusi yoyote. Kwenye kilima chetu anayenunua ndizi za kasiksi hangoji umletee barabarani. Anapanda na panga lake, anazunguka mashamba matano ao sita kwa asubuhi moja, anachagua mkungu, anaukata mwenyewe, anakata na majani ya kufunikia shimo la kuivishia. Mapanga ya wanunuzi watatu ao wanne yanagusa karibu kila shamba la kilima. Vitabu vinasema "vifaa vya kukatia vinaeneza ugonjwa", na ni kweli, lakini hakuna kitabu kingeweza kutuambia ni panga la nani. Wanafunzi walichora ramani: njia, mashamba, nyumba zenye migomba migonjwa, na njia ya wanunuzi kwa kalamu nyekundu. Mstari mwekundu ulipita kwenye nyumba nyingi zenye ugonjwa. Hatukusema ni uthibitisho, sababu mashamba ya njiani yanatembelewa na kila mtu. Tulisema ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hapa kuna jambo ambalo nimelitafakari sana, na nafikiri ndilo moyo wa makala hii. Kuna ujuzi ambao kiongozi anapaswa kuutoa, na kuna ujuzi anaopaswa kuwaachia watu wautafute. Bakteria haionekani kwa macho. Hata darasa likae mwaka mzima shambani halitaigundua, kwa hiyo hiyo naitoa mimi, bila kuzunguka. Lakini nani anakata ndizi, siku gani, kwa panga gani, anapita wapi, hiyo wanaijua wao, na mimi na lisansi yangu siijui. Mwalimu anayeficha ile ya kwanza kwa jina la "kuwaacha wafikiri" anawapotezea watu muda, na wakati mwingine anawaweka hatarini: mwanafunzi akiuliza kama dawa fulani ya wadudu inaweza kuchanganywa kwa mikono mitupu, simrudishii swali, namwambia hapana, papo hapo. Na mwalimu anayetoa ile ya pili anatoa kitu asicho nacho. Kukua kwangu katika kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni kujifunza kutofautisha hizo mbili haraka zaidi kuliko mwaka uliopita.

Si mimi niliyevumbua mambo haya. Mwaka 1989, Indonesia, shirika la FAO lilianzisha pamoja na walimaji wa mpunga kile tunachokiita leo shamba-shule. Shida yao ilikuwa mdudu mmoja mdogo wa mpunga ambaye dawa zilimsaidia badala ya kumuua, sababu ziliwaua maadui wake kwanza. Serikali yao ilikuwa imeshakataza dawa 57 kwenye mpunga mwaka 1986. Kukataza peke yake hakufundishi mtu kulima, kwa hiyo walimaji walikutana kila juma, msimu mzima, katika vikundi vidogo: wanaingia shambani, wanahesabu wadudu wabaya na wadudu wazuri, wanachora walichoona ku karatasi kubwa, wanajadiliana, wanaamua. Mwezeshaji akiulizwa "huyu ni mdudu gani?" anauliza "umemwona wapi, alikuwa anakula nini?" Njia hiyo imeenea sana Afrika, hata hapa kwetu.

Kabla ya hapo, Mbrazili Paulo Freire, akiwa uhamishoni Chile, aliandika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1969, na kinazungumza juu ya watu kama sisi kabisa, maagronomu wanaotumwa vijijini. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba agronomu anayepeleka ujuzi kama mtu anayepeleka mzigo anamfanya mlimaji kuwa gala, na gala halifikiri. Sisi Congo tuna neno letu la kazi hiyo, "vulgarizasyo", na tunalitumia bila kulisikiliza. Freire angelisikiliza.

Baada ya ramani tulibaki na tatizo gumu zaidi, na hapa elimu ya mimea haikunisaidia kitu. Mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kurudi nyumbani kumwambia baba yake namna ya kushika panga. Wengi wenu mmekulia kijijini, mnajua. Ukisema "mwalimu amesema", mzee anajibu kwamba yeye alilima ndizi kabla mwalimu huyo hajazaliwa, na ni kweli, sijafika hata miaka thelathini. Nilifikiria kuita mkutano wa wazazi. Wanafunzi walikataa. Kiongozi wa darasa aliniambia, kwa heshima lakini bila kutetemeka: "Mwalimu, ukiita mkutano, watakuja kusikiliza, watakupigia makofi, halafu watarudi."

Wazo lao lilikuwa devwari. Kila mwanafunzi angemwambia mzazi: "Baba, mwalimu anataka nihesabu tufu za shamba letu na niandike zenye kunyauka. Utanionyesha mipaka?" Hakuna kufundisha, hakuna shauri. Mtoto anaomba msaada wa masomo, na mzazi gani anakatalia mtoto wake devwari? Mzee anatembea na mtoto, anahesabu naye, anaonyesha. Juma linalofuata mtoto anarudi kuhesabu tena. Juma la tatu mzee mwenyewe anauliza: "Sasa ilikuwa ngapi juma lililopita?" Siku anauliza hivyo, njo siku mtoto anaweza kusema: kuna kitu tumejifunza, tunaweza kukijaribu kwenye kona moja tu?

Nilifundishwa uongozi kama kusema vizuri mbele ya watu. Wanafunzi wangu walinionyesha kwamba mara nyingine ni kupanga mambo ili mwenye neno, yule ambaye neno lake linasikilizwa nyumbani, aulize swali mwenyewe.

Panga la wanunuzi lilichukua muda. Kikundi kimoja kilipendekeza kila nyumba iweke chupa ya javeli. Bei ya chupa ilihesabiwa, ikagawanywa kwa majuma, na mama mmoja akacheka tu. Kikundi kingine kikasema: mahali pa kasiksi pako moto sikuzote. Shimo la kuivishia linapashwa moto, jikoni kuna moto, na ku kila mlango asubuhi kuna babula. Kwa nini tununue kile ambacho moto unafanya bure? Kwa hiyo ilikuwa hivi: mnunuzi akifika, panga lake linapita kwenye moto pande zote mpaka halishikiki kwa mkono, ndipo anaingia shambani. Ao mwenye shamba anakata mwenyewe kwa panga ambalo halitoki shambani mwake hata siku moja, na mnunuzi anangoja njiani. Akina mama walichagua hili la pili, kwa sababu ambayo hatukuiwaza: mwenye kukata mwenyewe anachagua mkungu wa kuuza. Walikuwa wakilalamikia hilo tangu zamani. Ugonjwa uliwapa sababu nzuri ya kulisema.

Sitaki mfikiri kila kitu kilienda sawa. Chefu wa kijiji, mtu mwenye nia nzuri, alisikia habari ya ugonjwa na alitaka kutoa amri kwamba kila tufu yenye dalili ing'olewe, na asiyetii alipe faini. Nilikwenda kumwona na wazee wawili, sikwenda peke yangu, na sikumwambia kwamba amri yake ni mbaya. Nilimwomba miezi miwili na nikampa daftari la wanafunzi alikague mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Alikubali daftari kwanza, miezi miwili baadaye. Katika kazi ya kuongoza kuna wakati unaongoza walio chini yako na kuna wakati unaongoza aliye juu yako, na huyu wa juu anahitaji kitu cha kushika mkononi, si hotuba.

Familia moja iling'oa zote hata hivyo, ikapanda mihogo. Mzee mwingine alikataa kila kitu, kuhesabu, moto, kukata, na shamba lake liliendelea kuwa chemchemi ya ugonjwa kwa majirani. Wanafunzi walitaka waende usiku kumkatia. Niliwakataza kabisa. Hiyo haikuwa ya kujadiliana, na niliwaambia sababu: siku mnakata mgomba wa mtu bila ruhusa, hakuna atakayefungua shamba lake kwa devwari tena. Majirani zake waliamua kitu kingine, kuweka nafasi isiyo na migomba upande wa mpaka wake na kupanda maharage hapo. Inapunguza. Haizuii wadudu kuruka.

Ya wasichana wawili? Mmoja alirudi, mama yake bado ana zaidi ya nusu ya tufu zake na anauza kidogo. Mwingine alirudi trimesta iliyofuata, kwa sababu mjomba wake wa Bukavu alilipa, na ukweli ni huo, migomba haikumrudisha.

Jambo la mwisho kuhusu kuongoza, nalo ni la ufunguo. Shule nyingi ziko na komite ya wanafunzi ya shamba, na komite nyingi haziko na kitu: ufunguo wa depo uko kwa mwalimu, daftari liko kwa mwalimu, na zile franka za kuuza mboga ziko kwa mwalimu. Komite inabaki kusema "wapendwa, tunyamaze" darasani. Mwaka wa pili wa kazi hii niliwapa vyote vitatu, kwa maandishi, na prefe akatia saini. Alisita sana juu ya pesa. Tulikubaliana kwamba kila Ijumaa mwanafunzi mmoja anasoma mbele ya wote kilichoingia na kilichotoka, na msomaji anabadilika kila juma, ili kila mtu ajue siku yake itafika.

Halafu nikaugua tifoidi. Juma tatu sikufika shuleni. Niliporudi nilifungua daftari la ukaguzi nikakuta mwandiko wa watu watano tofauti, na tarehe si zile nilizopanga. Mimi nilikuwa nimeweka ukaguzi Jumatano. Wao waliuhamisha mpaka siku inayofuata siku ya soko, sababu siku ya soko ndiyo siku mapanga yanatembea, na dalili mpya za kukatwa ovyo zinaonekana asubuhi yake. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuniuliza. Nilisaini chini ya ukurasa na nikauacha mpango wao kama ulivyo.

Wakubwa walioko kwenye mashirika wataniambia hiyo inaitwa kugawa mamlaka, na kuna moduli nzima juu yake. Sawa. Ninachoongeza ni hiki tu: kazi niliyoigawa bila ufunguo ilirudi kwangu kila jioni, na kazi niliyoigawa na ufunguo ilibadilika umbo, na ikawa bora kuliko nilivyoifikiria. Kwa mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani, kama wengi wetu hapa, inauma kidogo. Inazoeleka.

Kwa sasa darasa jipya la mwaka wa tano limerithi daftari. Wako na swali lao: mahali palipong'olewa tufu zote, shauri ni kungoja karibu miezi sita bila kurudisha mgomba ili bakteria iishe kwenye udongo, na akina mama wanauliza wapande nini katika miezi hiyo kwenye kivuli cha migomba iliyobaki. Kikundi kimoja kinatetea maharage mafupi, kingine kinatetea mateke, sababu mateke yanavumilia kivuli na maji. Wamepima vipande viwili vya mita nne kwa nne nyuma ya shule, na mvua ikianza watapanda vyote viwili. Mimi niko na maoni yangu. Sijawaambia.